Simama Hapo Ulipo

Mwalimu alikuwa na sauti mbili. Ya kwanza ilikuwa ya kawaida, ya kuulizia bei ya nyanya na kumwita mtoto aje ale. Ya pili ilikuwa ya darasani. Hiyo ya pili haikupanda juu kama ya walimu wanaopiga kelele mpaka mishipa ya shingo ikawatoka. Ilishuka chini, ikatokea tumboni, na mtoto aliyeisikia hakujiuliza kama ni yeye anayeambiwa. Mama mkwe wake, mwanamke asiyejua kumung'unya maneno, alisema sauti ile ingesimamisha hata treni, mradi treni yenyewe iwe imepitia darasa la mkwewe.

Asubuhi alifundisha hesabu shule ya msingi. Jioni, kengele ikishalia, alivua viatu vya kazi akavaa njumu, akawa mshambuliaji wa timu ya Manispaa katika Ligi Kuu ya Wanawake. Umri ulikuwa umeshamkimbia. Magoti yake yalikuwa yanajua mvua inakuja kabla ya redio kusema, na kila msimu alisema huu ndio wa mwisho, halafu msimu mpya ukianza unamkuta yuko mstari wa mbele anakimbia kuzunguka uwanja.

Na wanaodhani Ligi Kuu ni majani kama zulia na mabasi yenye kiyoyozi, hawajaiona hii ya wanawake. Uwanja wa Manispaa ulikuwa na upara mbele ya kila goli. Chumba cha kubadilishia nguo kilikuwa na bomba lisilofunguka wala kufungika, linadondosha tu. Wachezaji wenyewe walikuwa wafanyakazi: huyu anakata leseni dirishani, yule anatunza bustani ya mbele ya ofisi. Nahodha, ambaye ndiye kipa, alikuwa mfagiaji wa soko kuu, mwanamke mwenye mabega ya kubeba gunia na mdomo wa kubeba mawili. Walimwita Komeo, kwa sababu akisimama golini ndiyo mlango umefungwa.

Msimu ule Komeo alifunguka mara nyingi. Wakafika mechi ya mwisho wakiwa wamening'inia. Wakishinda, wanabaki. Wakitoka sare, wanashuka daraja, na wakubwa wa Manispaa walishasema bila kupepesa macho kwamba timu ikishuka inavunjwa. Wengi wa wale wanawake kazi zao walizipata kwa miguu yao. Timu ikivunjwa, ufagio wa Komeo ungepewa mtu mwingine kabla vumbi halijatulia.

Wapinzani walikuwa timu ya Reli, ambao hawakuwa na cha kupata wala cha kupoteza. Ila beki wao wa kati, binti mdogo mwembamba, alikuwa na chake. Kocha wa timu ya taifa ya vijana alikuwa amekuja kumwangalia yeye. Alikaa jukwaani na kofia yake, amekunja nne, na uwanja mzima ulijua amemfuata nani.

"Yule mtoto hapitiki," Komeo alisema chumbani, anafunga glovu kwa meno. "Msimu mzima hakuna aliyempita."

"Nani? Kijiti?" Mwalimu akacheka. "Yule nimemnyoosha mwenyewe. Hilo jina la Kijiti nimempa mimi, darasa la tano."

Akawasimulia, maana kisa hicho alikipenda, na watu walihitaji kucheka. Siku moja mkaguzi alikuja shuleni. Mwalimu, kwa kutaka kuonekana, akaandika hesabu ndefu ubaoni, na kwa kiherehere akasahau kubeba moja. Kijiti akanyoosha kidole. Akasimama mbele ya mkaguzi, mbele ya mwalimu mkuu, akasema kwa sauti yake nyembamba: mwalimu, hapo hukupatia. Mkaguzi akacheka mpaka akavua miwani.

"Wageni walipoondoka nikamwita mbele. Nikamwambia, mwalimu hakosolewi mbele za watu. Hata akikosea. Nikamfanya ayarudie maneno hayo mpaka yakamwingia. Tangu siku hiyo ukimwambia simama anasimama, kaa anakaa."

"Kwani hesabu yenyewe alikuwa amepatia?" Komeo akauliza.

"Alikuwa amepatia. Lakini hoja si hiyo, shoga. Samaki mkunje angali mbichi."

Wakacheka wote, na bomba likadondosha. Mwalimu alitoka chumbani amejaa fahari ya mtu aliyefanya kazi yake vizuri.

Timu zilipopeana mikono, Kijiti alifika mbele yake akainamisha kichwa kidogo. "Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Leo usiniamkie, mwanangu. Leo nikabe."

Basi akamkaba. Loo! Alimkaba mpaka Mwalimu akajuta kumwambia. Mpira wa juu, Kijiti. Mpira wa chini, Kijiti. Mwalimu akigeuka kulia anamkuta Kijiti ameshafika huko anamsubiri. Na kila alipomnyang'anya mpira alisema, tena kwa adabu kabisa, "Samahani, mwalimu." Teke lina maumivu yake, lakini ile samahani ilimuuma Mwalimu kuliko teke. Kuna samahani inayokukumbusha kwamba umezeeka. Kule jukwaani mwenye kofia alikuwa ameacha kukunja nne, ameinama mbele.

Mechi ilikuwa inaelekea ukingoni, bado hakuna bao. Mashabiki wa Manispaa walikuwa wanapuliza vuvuzela si kwa furaha tena bali kwa hofu, kama mtu anayeimba akipita makaburini. Komeo akadaka mpira, akaupiga mbele kwa nguvu zake zote. Mpira ukadunda katikati, ukapita vichwa vya watu, na nyuma yake wakakimbia wawili tu, Mwalimu na Kijiti.

Kijiti alikuwa mbele. Mwalimu aliviona vile visigino vya njumu ndogo vikirusha mchanga, akajua hafiki. Pumzi zilikuwa zimekwisha. Aliwaza ufagio wa Komeo. Aliwaza kwamba huu kweli ndio msimu wa mwisho, na kwamba utaisha kwa kuzidiwa mbio na mtoto aliyemfundisha kufunga kamba za viatu. Mdomo ukafunguka. Sauti iliyotoka haikuwa ya uwanjani.

"Simama hapo ulipo!"

Kijiti akasimama.

Hakujikwaa, hakuteleza, hakugeuka. Alisimama kama wanavyosimama watoto katika korido ya shule wanapofumwa wanakimbia: miguu pamoja, mikono nyuma, kidevu juu. Mpira ukabaki hatua moja mbele ya mguu wake. Kipa wa Reli naye akabaki ameduwaa, anamtazama beki wake. Mwalimu akaufikia ule mpira akausukuma wavuni, tena taratibu, kama mtu anayefunga mlango wa chumba anacholala mgonjwa.

Uwanja ukalipuka. Wenzake wakamwangukia mmoja juu ya mwingine, Komeo akitokea kule golini kwake anakuja na uzito wake wote. Chini kabisa ya lundo lile, shavu likiwa mchangani, Mwalimu akaona kwa upenyo kati ya miguu ya watu. Kijiti bado amesimama. Mikono iko nyuma. Alikuwa anangoja kuruhusiwa.

Sheria ya mpira katika jambo hilo haina kona. Kumpigia mpinzani kelele ili kumhadaa si uungwana, ni faulo na kadi ya njano, na bao linakataliwa. Lakini refa alikuwa mbali, vuvuzela zilikuwa zimefunika kila kitu, na mshika kibendera alisikia neno bila kujua anayeambiwa ni nani. Refa alipita karibu na Mwalimu wakati wanarudi katikati. Alikuwa karibu kiasi cha kuguswa bega. Mwalimu akainama akafunga kamba ambazo hazikuwa zimefunguka.

Manispaa wakabaki Ligi Kuu. Komeo alilia kama mtoto, na wakubwa wa Manispaa wakapiga picha na timu.

*

Video ilitembea kwenye simu kabla jasho halijakauka. Ilichukuliwa kutoka jukwaa la mbali na sauti yake ilikuwa vuvuzela tupu. Kilichoonekana ni mdomo wa Mwalimu kufunguka na binti kusimama wima kama nguzo ya bendera. Wachezaji wachache waliokuwa karibu ndio waliolisikia neno, na neno likitoka kwa wachache halikawii kuwafikia wengi. Watu wakalibandika wenyewe juu ya video ile, wakacheka mpaka machozi.

Kule shuleni ukawa mchezo. Wakati wa mapumziko mtoto mmoja anapiga kelele "Simama hapo ulipo!" na wenzake wote wanaganda, mikono nyuma, halafu wanaanguka kwa kicheko. Walimu wenzake nao walimpokea ofisini kwa kusimama wima na kumpigia saluti. Siku ya kwanza Mwalimu alicheka nao. Siku zilizofuata alicheka kwa meno tu. Ikafika mahali hata darasani lile neno hawezi kulitamka. Akitaka watoto wasimame anawaambia inukeni, na watoto, ambao hawana dogo, wanatazamana.

Mama mkwe aliitazama video kwenye simu ya mjukuu wake. Alicheka, akairudia, akacheka tena, akajifuta macho kwa upindo wa kanga.

"Ama kweli wewe mwanamke ni balaa," akasema. Halafu akaiangalia tena ile video. "Na yule mtoto wa watu amepatwa na nini?"

"Hajapatwa na kitu, mama. Ni mpira tu."

"Mpira tu," mama mkwe akarudia, akamrudishia mjukuu simu yake. Hakusema zaidi, na Mwalimu alitamani angesema.

Maana yule mtoto wa watu alikuwa amepatwa. Reli walikuwa wamemweka benchi, kisha wakamtoa hata benchi. Beki gani anasimama mwenyewe katikati ya mechi? Wakaanza kunong'ona kwamba ameuza mechi, kwamba alipangwa na mwalimu wake wa zamani. Alijitetea kwao kwamba ameambiwa asimame, akasimama. Wakamwuliza wewe ni mtu au ni gari? Orodha ya timu ya taifa ya vijana ilitoka na jina lake halikuwemo. Mwenye kofia, walisema, aliondoka uwanjani bila kuaga. Mwalimu alizisikia habari hizi moja moja, kutoka kwa huyu na yule, na kila moja ilipofika alijikuta anatafuta kazi ya kufanya kwa mikono.

Aibu ni kitu cha ajabu. Mwanzo ilimshika akiwa na watu, akiwa peke yake inamwacha. Baadaye ikageuka. Kwa watu aliweza kuvaa uso wake wa kila siku, lakini akiwa jikoni peke yake anaosha vyombo, ile picha ya mikono iliyofungwa nyuma inamjia, na anaona uso unamwaka moto kana kwamba jiko limewashwa. Mara mbili tatu alichukua simu ili ampigie Kijiti. Angemwambia nini? Pole? Pole ni neno la mtu aliyepita njia, si la aliyekusukuma.

Hatimaye Reli, ama kwa uchungu wa kufungwa ama kwa kutaka kujua kama beki wao ni mwizi au mjinga, wakapeleka malalamiko kwenye kamati ya ligi. Kamati ikaita watu. Ikiridhika kwamba Mwalimu alimhadaa mpinzani, bao linafutwa, na Manispaa wanashuka.

Komeo alimfuata shuleni wakati wa mapumziko, bado amevaa koti la kazi. Wakakaa kwenye benchi nyuma ya stoo ya madawati.

"Sikiliza. Nimefikiria," Komeo akasema. "Winga wetu wa kushoto alikuwa anakimbilia mbele, si ndiyo? Alikuwa karibu kuotea. Basi wewe ulikuwa unamwambia yeye asimame. Huyo mtoto akasikia ya mwenzake akayabeba yeye. Kosa lako liko wapi hapo?"

Uongo ule ulikuwa mzuri, ulikaa sawa kama kifuniko kwenye sufuria yake.

"Kijiti atasema ukweli," akasema mwishowe.

"Aseme. Lake dhidi ya lako. Wewe ni mtu mzima, mwalimu wa watu, nani atakubishia?" Komeo akamshika mkono, na kiganja chake kilikuwa kigumu kwa mpini wa ufagio. "Mimi sijui kazi nyingine, shoga yangu. Sikwambii udanganye. Nakwambia usituue."

Na Mwalimu akapata mahali pa kujificha. Akajiambia: mimi nitasema la Komeo, kwa ajili ya Komeo. Kijiti atasema la kweli, na kweli haina mshindani, kamati itaona yenyewe. Kwa njia hiyo mtoto atasafishika, na mimi sitakuwa nimewauza wenzangu. Alipanga kusema uongo huku akiomba usiaminiwe. Mtu akianza kuzigawa dhambi zake hivyo, wengine wazibebe nusu, jua ameshapotea.

*

Chumba cha kamati kilikuwa juu ya duka la vifaa vya ujenzi, na harufu ya rangi ilipanda mpaka huko. Kulikuwa na meza ndefu, pangaboi linalolia kila likizunguka, na kabati la vikombe ambavyo havikuwa vimefutwa vumbi. Mwenyekiti alikaa katikati, mzee mnene mwenye tai fupi. Kushoto kwake kulikuwa na mwanamke mkimya, refa mstaafu, aliyemtazama Mwalimu kama anayejaribu kukumbuka walikutana wapi. Kocha wa Reli alikaa upande mmoja na Kijiti wake, Mwalimu na Komeo upande wa pili. Kijiti alikuwa amevaa sketi ndefu na shati lililopigwa pasi. Alionekana mdogo kuliko uwanjani.

Alipoingia alisema shikamoo kwa kila mtu, akaanza na Mwalimu.

"Tuanze na mwalimu," mwenyekiti akasema. "Ulitamka neno simama?"

"Nilitamka."

"Ulimwambia nani?"

Pangaboi likalia. Mwalimu alihisi goti la Komeo likigusa lake chini ya meza.

"Nilimwambia winga wangu. Alikuwa anataka kuotea."

Aliyasema kwa sauti ya kawaida, ile ya nyanya. Refa mstaafu akaandika. Kocha wa Reli akaguna. Mwalimu hakutazama upande wa sketi ndefu, alitazama vikombe.

"Haya, binti," mwenyekiti akasema. "Umemsikia mwalimu wako. Wenzako wa Reli wanasema wewe ndiye uliyeambiwa. Usiogope, hapa hakuna wa kukufanya kitu. Sema tu ilivyokuwa."

Kijiti akasimama. Sasa, akawaza Mwalimu, na moyo ukamdunda kwa kitu kilichofanana na furaha. Sasa sema, mwanangu. Nimalize.

Kijiti akamtazama. Mwalimu akayaona macho yale yakimtafuta usoni, kama zamani, mtoto anapokuwa ubaoni na chaki, anatafuta kwenye uso wa mwalimu jibu linalotakiwa. Kisha mikono ikaenda nyuma, kidevu kikapanda.

"Ni kweli alivyosema mwalimu," Kijiti akasema. "Hakuniambia mimi."

Kocha wa Reli akaruka. "Wewe! Si ulituambia mwenyewe kwamba..."

"Kaa chini, kocha," mwenyekiti akasema. "Basi binti, wewe ulisimama kwa nini?"

"Nilichoka tu."

"Ulichoka? Mpira uko mguuni kwako, ukachoka?"

"Ndiyo, mheshimiwa."

Kocha wa Reli alijishika kichwa. Hakuna aliyehitaji kulitamka neno lililokuwa limekaa mle chumbani: ameuza mechi. Mwenyekiti na refa mstaafu wakanong'onezana, halafu mwenyekiti akasema malalamiko yametupwa, bao ni halali. Akamgeukia Kijiti kwa uso wa mtu aliyekatishwa tamaa. Kuhusu yeye, akasema, mchezaji anayeacha mpira kwa makusudi ana kesi nyingine, na hiyo ataisikia baadaye. Kwa sasa asicheze popote.

"Sawa, mheshimiwa," Kijiti akasema.

Palikuwa na nafasi ya kusema neno pale. Ilikuwa pana, mtu angeweza kupita na mkokoteni. Mwalimu alikuwa ameshajifunza kuziona nafasi, ndiyo kazi ya mshambuliaji, na hii aliiona wazi mbele yake, akaiacha ipite. Komeo alikuwa anamvuta mkono. Viti vikakwaruza sakafu.

Koridoni Komeo alimkumbatia mpaka miguu ikaacha sakafu. "Tumepona! Shoga yangu, tumepona!" Akashuka ngazi mbio kuwapigia simu wenzake, na sauti yake ikasikika mpaka dukani chini. Kocha wa Reli alipita bila kumtazama mtu yeyote. Hakumngoja beki wake.

Kijiti akatoka wa mwisho. Alisimama mbele ya Mwalimu kwa adabu, akaangalia huku na huku kama kuna anayesikia, kisha akauliza taratibu.

"Nimepatia, mwalimu?"

Mwalimu alimtazama usoni. Alitafuta kejeli, akaitafuta kwa hamu, maana kejeli ingemsaidia. Mtu akikukejeli walau mko sawa. Hakuiona. Binti alikuwa anauliza kweli. Alikuwa amejibu swali gumu mbele ya wageni na alitaka kujua kama amelijibu kama alivyofundishwa.

Mwalimu hakuwa na sauti, wala ya kwanza wala ya pili. Alikumbuka alivyokisimulia kile kisa cha mkaguzi chumbani, na wenzake wakacheka, na yeye akacheka kuliko wote. Akaona aibu mpaka akashika ukuta. Ukuta ulikuwa umepakwa rangi karibuni, ukamnata viganjani.

"Nisubiri," akasema. Halafu akabadili. "Hapana. Usinisubiri. Njoo kama unataka kuja."

Akarudi akafungua mlango bila kubisha. Mwenyekiti alikuwa ameshavaa koti, refa mstaafu anafunga mkoba.

"Umesahau kitu, mwalimu?"

"Nilimwambia yeye," Mwalimu akasema. "Si winga. Winga wangu alikuwa nyuma yangu, hakuwa anaotea chochote. Nilikuwa nimezidiwa mbio nikamwita huyu mtoto kama ninavyomwita darasani, nikijua atasimama. Akasimama. Bao si langu."

Mwenyekiti akakaa tena, polepole, na koti lake mwilini. "Keti basi, mwalimu. Hili ni jambo zito."

"Nitasimama."

Refa mstaafu alifungua mkoba wake upya. Mwenyekiti akalegeza tai yake.

"Unajua timu yako inashuka?"

"Najua." Kutoka chini dukani alisikia Komeo bado anacheka na simu. Alijua atashuka zile ngazi, na kwamba hakuna neno litakalomtosha Komeo.

Mwenyekiti akatazama nyuma ya Mwalimu, mlangoni. Kijiti alikuwa amekuja.

"Na wewe binti. Kwa hiyo ulikaa hapa ukaidanganya kamati, macho makavu. Umri wako huu! Nani amekufundisha mambo hayo?"

"Mimi," akasema Mwalimu.

"Simwulizi wewe, namwuliza yeye."

"Mwulize tu. Jibu lake nilimpa mimi, akiwa darasa la tano."

Kijiti alikuwa ameshaweka mikono nyuma. Akamgeukia Mwalimu, na yale macho yakaanza tena kumtafuta usoni. Safari hii Mwalimu akampa mgongo. Aligeukia kabati la vikombe, akausogeza uso wake karibu na kioo chake, ili mtoto asipate mahali pa kusoma. Kwenye kile kioo aliona chumba chote, kidogo na chenye vumbi: mwenyekiti na koti lake, kalamu ya refa, na binti mwembamba peke yake katikati.

Kwenye kioo, mikono ya Kijiti ikatoka nyuma ya mgongo, mmoja baada ya mwingine, ikaning'inia kando.

"Aliniambia nisimame," Kijiti akasema. "Mwalimu hakupatia."

Lilimjia Mwalimu mdomoni lile neno alilozoea kumlipa mtoto aliyejibu sawasawa: umepatia. Akalimeza. Hakuwa yeye tena wa kumsahihisha.